Uzi kwenye Mguu wa Chura

Ilianza Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, katika maabara ya baiolojia ya shule yetu kule Ntinda. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tano, na niliandika kila kitu kwa sababu nilikuwa siwezi kusema chochote. Daftari la mwaka ule liko mbele yangu sasa hivi, jalada lake limetafunwa na mende pembeni, na ukurasa wa siku hiyo una mstari mmoja tu: "Saa 5:10. Msichana mpya amejibu. Simpendi." Neno la mwisho nimelipigia mstari mara mbili, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Kwa miaka miwili sikulifungua. Nimelifungua kwa sababu Jumamosi iliyopita tulikwenda kumuaga Mzee Ocaya, mtunza maabara wetu, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa kwao kaskazini. Sisi tuliosoma baiolojia tulikaa uani kwake kwenye viti vya plastiki, sahani za wali na maharage mapajani, kila mtu akiigiza alivyokuwa akifoka. "Wewe! Hapana shika makasi kama panga! Hii hapana shamba!" Watu wakacheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza, kisha mmoja akaanza tena. Nsimire akaja akakaa kiti cha pembeni yangu bila kuuliza kama kina mwenyewe. Ndiye yule msichana mpya wa kwenye daftari. Hatukuwa tumeonana tangu mtihani wa mwisho wa kidato cha sita. Akaokota punje ya wali iliyoangukia gauni langu, akaitupa, halafu akauliza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye jeneza: "Candi, ule uzi uko nao bado?" Nikasema ninao. Akatingisha kichwa, akaendelea kula. Niliporudi nyumbani sikuvua hata viatu. Nilivuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikalipata daftari, na uzi ulikuwapo, kipande cheupe chenye urefu wa kiganja, kimebandikwa kwa selotepu kwenye ukurasa wa muhula wa tatu.

Siku ile ya kwanza Madam Nabirye, mwalimu wetu wa baiolojia, alichora ubaoni duara tatu kubwa. "Huyu wa kwanza ni mnyoo bapa," akasema. "Huyu ni chapati. Ngozi, nyama, utumbo, vyote vimeshikana, hakuna nafasi hata ya kuingiza sindano. Akitikisika kidogo, kila kitu ndani kinatikisika." Wa pili alikuwa mnyoo wa mviringo, ambaye nafasi anayo lakini nusunusu: ukuta wa nje una bitana kwa ndani, utumbo hauna. Wa tatu alikuwa nyungunyungu. Huyo, alisema, ni bomba ndani ya bomba, na kati ya mabomba hayo mawili kuna uwazi wenye maji, umezungukwa na utando pande zote. Huo ndio uwazi mkuu wa mwili, unaoitwa seloma, na sisi sote tuliokaa mle ndani tulikuwa nao. Akatuambia kwa nini wanaopanga wanyama katika makundi huutazama uwazi huo kabla ya kutazama manyoya au magamba. Mnyama akishaupata, moyo unapata mahali pa kupiga, mapafu yanapata mahali pa kujaa, mimba inapata mahali pa kukua. Nyungunyungu hana mfupa hata mmoja, lakini huyabana yale maji yake yakawa magumu kama mfupa, akapasua udongo. "Na utumbo," akasema, "unaweza kusukuma maharage yenu ya jana huku ninyi mmekaa hapo kimya kama watakatifu. Ngozi haijui kitu." Darasa likacheka. Mimi niliyaandika maneno yale kama yalivyo, ngozi haijui kitu, kwa sababu niliona kama ni mimi ninayesemwa.

Kisha akauliza nani amewahi kuiona seloma kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimeisoma mada hiyo yote likizo, peke yangu, na nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, Kiingereza safi, haina hata koma iliyopotea. Mkono wangu ulikuwa umeshafika usawa wa bega. Ukifika hapo huwa najikuna sikio. Ndivyo nilivyomaliza shule ya msingi na nusu ya sekondari bila kujibu swali. Nilikuwa bado najikuna niliposikia sauti ya benchi la nyuma: "Mi ninaionaka kila siku, Madam. Asubuhi. Kwa kuku." Kwa Kiswahili! Katika shule ambayo darasani ni Kiingereza na nje ni Luganda, na Kiswahili ni cha watoto wa kambi za polisi kama mimi, tena tunakificha. "Banange, Mukongo!" mtu akashangaa kwa Luganda, na maabara ikaangua kicheko. Madam Nabirye hakucheka. Akamwambia aendelee. Yule msichana akasimama, akainua mkono wake wa kulia kama anauingiza mahali. "Ukifungua kuku, mukono inaingia hivi. Huku nyuma ya mukono iko ukuta. Huku mbele iko matumbo. Mukono inapita katikati, haigombane na mutu. Kama ile nafasi haiko, hauwezi kutoa matumbo bila kupasua." Madam akaweka chaki chini. "Nimefundisha mada hii miaka mingi," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunijibu kwa mkono." Nikatazama saa ya ukutani. Nafikiri nilitaka kuwa na kitu kingine cha kutazama.

Siwezi kueleza wivu huo ulivyokaa bila kusema habari ya Kiswahili. Daftari zangu zote niliziandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna mtu darasani ambaye angeweza kuzisoma akizikuta. Kilikuwa chumba changu, mlango ninaufunga mwenyewe. Sasa huyu mtoto wa Bukavu, aliyefika Kampala na mama yake na magunia mawili, alikuwa anaingia mle chumbani amevaa kandambili, anaimba. Na baya zaidi, alinipenda. Wiki ile ile alinisikia nikiongea na Mzee Ocaya mlangoni pa maabara, akanishika mkono kama amempata ndugu. "Kumbe weye unasema lugha! Mungu wangu, na unanyamazaka hivi!" Tangu siku hiyo alikaa benchi langu. Alikuwa amesoma Kifaransa kwao, Kiingereza kilikuwa kinamkwama kooni, kwa hiyo mimi nikawa wa kumsomea maelekezo ya kila kazi ya maabara, namba moja mpaka ya mwisho, kwa kunong'ona, nikiyageuza Kiswahili. Yeye alifanya. Mimi nilisoma, yeye akafungua nyungunyungu kwa mkasi bila kugusa utumbo. Mimi nilisoma, yeye akafungua panya, na Mzee Ocaya aliyekuwa hamsifu mtu akasimama nyuma yetu, akasaga meno, akasema, "Huyu iko na mikono." Halafu akanigeukia. "Wewe mutoto ya afande, kazi yako nini? Redio?" Darasa zima liliniita Redio mpaka likizo. Mimi, ambaye sikuwahi kutoa sauti.

Daftari la miezi ile linanionea aibu, au mimi ndiye ninayelionea. Kuna ukurasa nimeandika kwamba ana vidole vya mzee. Kuna mahali nimehesabu mara ambazo Madam alilitaja jina lake kwa kipindi kimoja. Kuna siku nimeandika, "Leo amekosea kutamka neno, nimefurahi mpaka saa nane," na siku nyingine, bila maelezo, "Hata kope zake."

Aliponipeleka kwao Kyebando ilikuwa Jumamosi, muhula wa pili, jua limetoka baada ya mvua. Mama yake alikuwa na meza yake pale kituoni pa biashara, matundu ya kuku chini, sufuria ya maji ya moto kando, na wateja wanamwita Mama Kuku. Mteja anachagua, anakwenda kununua sabuni au muda wa simu, akirudi anamkuta kuku wake ni mweupe, ameshafunguliwa. Siku hiyo mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa analalamika: "Mama Kuku, yule wa Jumapili alikuwa na miguu ya mzee." Mama Nsimire hakuinua kichwa. "Uliomba kuku, nyabo, haukuomba umri." Wakacheka wote wawili, na kuku akakatwa. Mimi nilisimama pale nimebana mkoba. "Karibu, binti," akaniambia. "Ni weye unasomea mutoto wangu Kiingereza? Kuja, na siye tukusomee." Akanipa aproni, akaniweka mbele ya kuku aliyekwishachinjwa na kunyonyolewa. Nsimire akaushika mkono wangu kwa mkono wake, akauingiza. Kulikuwa na joto. Akaupitisha kati ya mbavu na matumbo, pale pale alipopasema darasani, na nikahisi, ni kweli, mahali pa kuteleza, panapokuachia njia kama umeingia kwa adabu. "Sasa peke yako," akasema, akaniachia. Nikavuta kwa papara. Kitu kikapasuka chini ya kucha yangu, kijani kikamwagika kila mahali. Nyongo. Ukipasua nyongo nyama yote inakuwa chungu, hauzwi tena yule kuku. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Nsimire akamchukua, akamsuuza maji matatu, akasema, "Si kitu. Huyu tutakula siye." Tukamla kweli, mchana ule, na bugali, kwenye chumba chao kimoja chenye pazia la maua katikati. Alikuwa mchungu kama dawa ya malaria. Mama alikula. Nsimire alikula, akachukua na kipande cha pili, hakukunja uso hata kidogo, kisha akaniuliza kama nataka chumvi. Usiku sikuandika kwamba ni wema. Niliandika: "Wanajua kula na mimi sijui."

Kwetu napo hapakuwa na pumziko. Alikuja Jumapili kadhaa tusome, na mama yangu, ambaye kwa kawaida hamkubali mtu, alimkubali. Siku ya samaki, Nsimire aliwasafisha sangara watatu nyuma ya nyumba, watoto wa kambi wamemzunguka kama wanatazama mpira. Mama akaja mlangoni na mwiko. "Candiru, tazama mwenzako. Huyu mutoto iko na mikono. Wewe iko na vitabu tu." Hakusema kwa ubaya. Alisema akitabasamu, akampa Nsimire kichwa cha samaki, ambacho siku zote kilikuwa changu. Najua inachekesha, binti wa miaka kumi na saba kulilia kichwa cha samaki. Lakini ndicho nilichokililia, chooni, bomba la maji nimelifungua nisisikike.

Muhula wa tatu Madam akatangaza nafasi. Kulikuwa na maabara moja huko Kyambogo, ya rafiki yake waliyesoma pamoja, iliyokuwa inatayarisha vielelezo vya wanyama: wanafungua, wanapanga viungo, wanavitia kwenye chupa kwa ajili ya kufundishia. Likizo ile wangepokea mwanafunzi mmoja kutoka kwetu, wiki tatu, na Madam angemchagua kwa kazi ya mikono: kila mmoja afungue chura, aonyeshe viungo ndani ya seloma vikiwa safi, mahali pake. Mwanafunzi mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliwaza nimevaa koti jeupe, sina haja ya kusema, natayarisha chupa na watu wanasoma jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa. Na nilijua, kama darasa zima lilivyojua, kwamba nafasi si yangu.

Ijumaa kabla ya jaribio Nsimire hakuja shuleni; alikuwa na mama yake kwenye foleni ya karatasi zao za ukimbizi. Ndiyo Ijumaa ambayo Madam alitueleza mtego wa chura. Tumboni kwake, katikati kabisa, upande wa ndani wa ukuta wa misuli, unapita mshipa mkubwa wa damu. Ukiukata hivi hivi, seloma yote inajaa damu na huoni kitu tena. Kwa hiyo, kabla ya kukata ukuta, unapitisha uzi chini ya mshipa, unafunga sehemu mbili, halafu ndipo unakata kati ya mafundo. Panya hatukumfanyia hivyo. Na kuku wa Mama Kuku, ndiyo niliyoifikiria pale pale Ijumaa, kalamu mkononi, kuku wa Mama Kuku wameshachinjwa. Damu yao imeshakwisha chini. Chura wa maabara analazwa kwa dawa, damu yake yote imo ndani. Mikono ya Nsimire haikuwahi kukutana na mshipa wa namna hiyo. Sikupanga kitu, nataka kuamini hivyo. Lakini niliifikiria, na sikumwambia Jumamosi, wala Jumapili, wala Jumatatu.

Jumanne Madam alitupa dakika kumi za kusoma karatasi ya maelekezo. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia, "Candiru, msomee mwenzako kama siku zote." Mbele yetu kulikuwa na sahani mbili za nta, chura wawili wamelala chali, na kwenye kila sahani makasi, koleo, pini, na kipande kirefu cha uzi mweupe, ambacho Mzee Ocaya hukikata mwenyewe na kukiweka upande wa kulia. Nikasoma. Namba moja, mlaze chura chali, mbane kwa pini. Namba mbili, inua ngozi kwa koleo, kata. Namba tatu, vuta ngozi pembeni, bana. Namba tano, kata ukuta wa misuli, ufungue kushoto na kulia.

"Na namba ine?" Nsimire akauliza. Hajui Kiingereza, lakini kuhesabu anajua.

"Namba nne inasema osha vifaa."

"Viko safi."

"Ndivyo wanavyosema."

Akaondoka, akaenda kwenye sinki, akaviosha. Vilikuwa vinang'aa, na yeye akaviosha kimoja kimoja kwa sabuni, akavikausha kwa pindo la koti lake. Nilikuwa na muda wote ule wa kurekebisha. Akarudi, akagusa uzi. "Na hii ni ya nini?" Nikajibu haraka, sijui maneno yalitoka wapi: "Ya kufungia jina. Ukimaliza, andika jina lako kwenye karatasi ndogo, ufunge kwenye mguu wa chura." Akasema, "Aksanti, Candi." Kwa nje nilikuwa nimetulia kabisa. Ngozi haikujua kitu.

Yeye, mwepesi kama siku zote, alianza kabla ya wote, nami sikumtazama alipokata. Nilisikia tu pumzi yake ikikatika. Nilipoinua macho sahani yake ilikuwa nyekundu, maji yamekuwa supu, na yeye anachota damu kwa kitambaa, anachota, inarudi. Hakuita mtu. Hakulia. Alifanya kazi mpaka kengele, akipapasa gizani kwa vidole vile vya mzee, na alipomaliza akaandika jina lake kwa herufi nzuri, akalifunga mguuni kwa chura kwa fundo safi, kama nilivyomwambia. Sahani yangu mimi ilikuwa safi. Nilikuwa nimefunga mshipa, nimekata kati ya mafundo, na seloma ilikuwa imefunguka kavu, ini, moyo, mapafu mawili kama vipovu. "Kama picha ya kitabu," Madam akasema, na mkono wake ukakaa begani kwangu, akatangaza kwamba nafasi ni yangu. Mzee Ocaya alikuwa anakusanya sahani. Akafika kwa Nsimire, akasimama. "Nani alifunga chura mguu kama mbuzi ya Krismasi?" Maabara ikalipuka. "Anampeleka sokoni!" "Mama Kuku sasa anauza na chura!" Nsimire akatazama huku na huku, akaona wote wanacheka, akacheka naye, wa mwisho. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anatafuta mtu wa kucheka naye. Nikacheka.

Nilibaki kuosha. Mzee Ocaya akaja na ufunguo wake na hasira zake, akasimama upande wa pili wa sinki. "Mutoto ya afande. Uzi mimi nakata mwenyewe. Kila sahani moja. Miaka yote hii, hakuna mutoto alifunga kwa mguu." Nikaendelea kusugua. "Uzi hapana tembea yenyewe mpaka mguu," akasema. Akafungua kiganja changu chenye povu, akauweka mle, umeshafunguliwa fundo, bado una rangi ya waridi. "Peleka kwa mwenyewe." Kisha akageuka akaanza kuutukana mfereji uliokuwa unavuja.

Sikuupeleka. Mwenyewe ndiye aliyekuja, saa kumi na mbili jioni, na kavera kadogo, kamfuko ka plastiki, mkononi. Mama yake alikuwa amesikia kwamba nimechaguliwa, akanitumia firigisi sita, zimesafishwa, zimekatwa vizuri. Firigisi, ambazo hapa hupewa mkubwa wa nyumba. Mama yangu akapiga vigelegele, akazikaanga kwa vitunguu, nyumba yote ikanukia. Tukakaa mkekani. "Kula, mutoto wangu," mama akamwambia Nsimire, "mbona unaonja kama mgonjwa?" Nsimire akafuta vidole. "Mama, mi kesho sirudi shule. Nitakaa na maman kwa meza." Mama akashangaa, akamuuliza kosa gani. "Hakuna kosa. Kiingereza sina. Nilikuwa na mikono tu, na leo nimeona mikono nayo haiko." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayesema duka limefungwa. Halafu akanisukumia sahani. "Candi, kula. Ni yako." Nilikula firigisi nne. Uzi ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu, umelowa bado, na niliusikia kwenye paja kila nilipomeza. Alipoaga, akanishika mkono mlangoni: "Huko Kyambogo, uniandikiage kila kitu." Mama alimsindikiza mpaka getini. Mimi nilikusanya vyombo.

Naandika haya nikijua mambo ambayo sikuyajua jioni ile. Najua kwamba Kyambogo hakwenda yeyote kati yetu. Madam alipoujua ukweli alimpeleka mtu wa mkondo mwingine, na nilistahili. Najua kwamba Nsimire alikaa kwa meza siku tisa kabla ya kurudi darasani, na kwamba alirudi kwenye benchi la nyuma, akajifunza kusoma maelekezo mwenyewe na kamusi, neno kwa neno, hata yakimchukua kipindi kizima. Uzi aliukubali, akakaa nao mpaka siku ya mwisho ya kidato cha sita, halafu akanirudishia. "Kaa nao weye," alisema, na hadi leo sijui kama ulikuwa msamaha au adhabu. Na wivu, kwa kuwa ninasema ukweli, haukuisha. Jumamosi pale msibani nilimwona anavyoshika sahani, akili yangu ikasema, hata kushika sahani. Madam hakukosea: ndani yetu kuna nafasi ambamo kitu kinaweza kupiga na kusukuma miaka na miaka bila nje kutikisika. Nilidhani ni kwa ajili ya kujificha. Kuku wa Kyebando alikuwa ameshanionyesha vingine, kwamba ni mahali ambapo mkono wa mtu mwingine unaweza kupita bila kupasua kitu, nami siku hiyo nilipapasua mwenyewe kwa papara.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya firigisi niliamka wakati baba anapiga viatu rangi, nikavaa sare, nikakunja karatasi ya maelekezo nikaiweka mfukoni pamoja na uzi. Sikwenda shule. Nilishika njia ya Kyebando kwa miguu. Nilimkuta ameshavaa aproni, mkono wake umo ndani ya kuku mpaka juu ya kiungo, mama yake pembeni anamimina maji ya moto, wateja wawili wamesimama. Hakuniona, au alijifanya. Nikautoa ule uzi, nikauweka mezani, karibu na kisu. Nikaikunjua karatasi. Sikuwahi katika maisha yangu kusoma kitu kwa sauti mbele ya watu ambao hawakuniomba, na mkono ulikuwa unaanza kwenda sikioni, nikaushusha.

"Namba nne," nikasema. Mteja mmoja akageuka. "Kabla ya kukata ukuta wa misuli, tafuta mshipa wa katikati. Pitisha uzi chini yake. Funga sehemu mbili. Kata kati ya mafundo, ili damu isiingie."

Mama Nsimire akaweka birika chini. Alitazama uzi, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe. Nsimire hakuinua kichwa. Mkono wake ulizunguka polepole ndani ya kuku, kushoto, kulia, kisha ukatoka na matumbo yote mazima, nyongo ya kijani haikuguswa, akayalaza kwenye beseni.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.